Kode ya Bei Chini: Nani Alilipa Kwanza?

Wewe mzazi na wewe kijana, mwezi huu tunataka kuzungumza nawe juu ya biashara moja isiyoomba duka, wala meza, wala gunia. Mtu anakaa kitandani na telefone yake, ananunua namba, anauzisha namba. Ni biashara ya kadi za zawadi za michezo ya intaneti. Kama uko na kijana nyumbani anayependa michezo ya telefone ao ya ordinatere, labda amekwisha kuisikia, ao amekwisha kuianza.

Ukimwuliza, atakujibu: "Mama, hii haiko wizi. Ninanunua, ninauzisha, ninapata kidogo." Jibu lake liko na ukweli ndani. Kuuzisha kadi ya zawadi peke yake si zambi, na wako watu wanaoifanya kazi hiyo kwa haki. Lakini liko swali moja ambalo kila nyumba inapaswa kujifunza kuuliza mbele ya kutoa feza: nani alilipa kode hii mara ya kwanza, na alilipa kwa feza ya nani?

KADI HII NI KITU GANI?

Kampuni za michezo zinauzisha vitu vyao kwa njia ya intaneti: mchezo mzima, nguo za mchezaji, silaha za mchezo, na vingine vya namna hiyo. Mtu asiye na kadi ya banki mara nyingi hawezi kulipa huko. Kadi za zawadi zinamsaidia mtu wa namna hiyo. Majina yake vijana wanayajua: Steam, PlayStation, Xbox, Google Play, Apple, Roblox. Kadi inaweza kuwa ya plastiki, ya kununua katika duka. Inaweza tena kuwa bila plastiki yoyote, paka herufi na namba zinazotumwa katika ujumbe. Namba hizo ndizo tunaziita kode. Unaandika kode katika konti yako, feza inaingia, na tangu saa ile kode imekwisha. Haitumiki mara ya pili.

Kwetu watu wengi hawana konti ya banki. Wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Hapo ndipo mtu wa katikati anapata kazi: anapokea feza kwa telefone, anatoa kode. Anawasaidia watu, naye anapata faida kidogo. Mpaka hapo hakuna ubaya.

Ubaya unaingia pale ambapo kode yenyewe inatoka.

MADINI YANAPIMWA, KODE HAIPIMWI

Watu wa mine wanaweza kufahamu jambo hili mbele ya watu wengine. Mchimbaji akifikisha gunia lake kwenye depo, mnunuzi hasadiki maneno matupu. Anaweka gunia kwenye mizani, anapima nguvu ya madini kwa masini ya Metorex, halafu anasema bei. Tunajua kwamba mizani inaleta magombano, na mchimbaji anaweza kurudi nyumbani na uchungu. Hata hivyo kipimo kiko, na wote wawili wanakiona.

Kode haina kipimo cha namna hiyo. Ukiiangalia kwa macho, nzuri na mbaya zinafanana kama maji na maji. Kwa kode nyingi, njia ya hakika ya kujua kama inaishi ni kuiandika katika konti. Na ukiisha kuiandika, huwezi tena kuiuzisha. Kwa hiyo mwenye kufanya biashara hii ananunua gunia lililofungwa na kuuzisha gunia lililofungwa.

Tena, hata kode inayoishi leo haikuambii ilitoka wapi. Inaweza kufungua mchezo asubuhi hii, na nyuma ya juma mbili kampuni ikaifuta. Tuone namna gani.

FEZA INAYORUDI NYUMA

Tuseme mwivi mmoja ameiba namba za kadi ya banki ya mama fulani wa Ufaransa. Akinunua televizyo, sherti aseme iletwe kwa nani, na polisi watapata mlango wake. Kode haiombi mlango. Inafika kwa ujumbe katika dakika chache. Basi ananunua kode ya dolari 50, na mara moja anaiuzisha dolari 25, kwa sababu anataka feza ya mkononi mbele mama hajavumbua. Mtu wa pili anaiuzisha dolari 40 kwa kijana wetu wa Kolwezi. Kijana wetu anaiuzisha dolari 46 kwa jirani anayecheza. Kila mtu anafurahi.

Nyuma ya siku chache, mama wa Ufaransa anasoma hesabu ya banki yake na kuona malipo ambayo hakuyafanya. Analalamika. Banki inamrudishia feza yake na kuichukua tena kwa kampuni iliyouzisha kode. Kampuni inatafuta: ni kode gani iliyonunuliwa kwa feza hii? Ikiipata, inaifuta, ao inafunga konti ya mtu aliyeitumia, pamoja na michezo yote aliyokuwa nayo ndani.

Sasa jirani atagonga mlango wa nani? Mwivi hamjui. Mtu wa pili hamjui. Anamjua kijana wetu. "Ile kode uliniuzishia imekufa. Weye njo ulikamata feza, weye njo utarudisha."

Fanya hesabu pamoja na kijana wako, kwa kalamu na karatasi. Kwa kode moja alipata faida ya dolari 6. Kode moja ikifa na akimrudishia jirani dolari zake 46, amepoteza ile faida na tena dolari 40 za mfuko wake. Kusudi azipate tena dolari 40, sherti auzishe kode saba nzuri bila hata moja kufa. Na hapo hatujahesabu feza ambayo kampuni ya telefone inakata wakati wa kutuma na wakati wa kutoa. Kwa biashara gani ya kartie mtu anakubali kwamba kosa moja linakula kazi ya mara saba?

MAMBO YALIYOTOKEA KWELI

Mtu asiseme kwamba tunatisha watoto kwa hadisi. Haya yametokea mbele ya macho ya dunia.

Kampuni ya Wube Software ya inchi ya Czech inatengeneza mchezo unaoitwa Factorio. Katika mwaka 2016 wevi walinunua funguo za mchezo huo kwa kadi za banki zilizoibwa. Funguo ni kode za mchezo mmoja, ndugu za kode zetu. Wakaziuzisha katika soko la intaneti linaloitwa G2A. Wenye kadi walipolalamika, Wube ilirudisha feza, na kwa kila malipo yaliyorudi nyuma ikakatwa tena karibu dolari 20. Mwaka 2019 Wube iliomba uchunguzi. G2A ikakubali kwamba funguo 198 za wizi zilikuwa zimeuzishwa katika soko lake, na mwaka 2020 ikalipa Wube dolari 39,600. Lile ni soko kubwa lenye wanasheria na ordinatere nyingi, lakini mali ya wizi ilipita humo. Kijana mwenye telefone moja atafanya namna gani kuitambua?

Mfano wa pili ni wa Marekani. Volodymyr Kvashuk alikuwa mhandisi kijana katika kampuni ya Microsoft, wenyewe wa Xbox. Kazi yake ilikuwa kujaribu kama mitambo ya kuuzisha kwa intaneti inafanya vizuri. Kwa ruhusa hiyo ya kujaribu alianza kutoa kadi za zawadi za kweli na kuziuzisha inje. Mara ya kwanza alichukua kidogo, karibu dolari 12,000, kwa jina lake mwenyewe. Iliposhika, alitumia konti za majaribio za wenzake wa kazi, na wizi ukafika zaidi ya dolari milioni 10. Alinunua nyumba ya dolari milioni 1.6 kando ya ziwa, na gari la Tesla la dolari 160,000. Mwaka 2018 alifukuzwa kazi. Mwezi wa pili 2020 baraza la Seattle lilimwona na hatia ya makosa 18, na mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule akahukumiwa miaka 9 ya kifungo. Alikuwa na miaka 26.

Angalia vizuri, kijana. Kode alizotoa hazikuwa za uongo. Zilitoka ndani ya kampuni yenyewe. Watu walionunua kwake kwa intaneti hawakuona alama yoyote ya wizi juu yake. Alama ambayo mtu angeweza kuona ni ile ya bei.

MACHOZI YA BIBI MZEE

Iko chemchemi nyingine ya kode za bei chini, nayo ni ya huzuni zaidi. Mtu mzee anapigiwa telefone. Anaambiwa: "Tuko polisi," ao "Una deni la kodi ya serikali," ao "Mjukuu wako amefungwa, tuma feza upesi." Anaambiwa aende dukani, anunue kadi za Google Play, za Apple ao za Steam, akwangue, halafu asome namba zake kwa telefone. Akiisha kusoma, feza yake imekwenda. Katika Marekani, ofisi ya serikali inayolinda wanunuzi, Federal Trade Commission, ilihesabu kwamba katika mwaka 2023 watu walioleta malalamiko walipoteza dolari milioni 217 kwa njia ya kadi za zawadi. Na wengi wanaodanganywa hawalalamiki, kwa sababu ya haya.

Mdanganyifu hana haja ya michezo. Anataka feza. Kwa hiyo kode za yule bibi zinapaswa kuuzishwa upesi, kwa bei ya kutupa. Zinapita kundi moja la WhatsApp na la Telegram mpaka lingine, na kila mkono unakata kidogo. Mkono wa mwisho unaweza kuwa wa kijana anayekaa Likasi ao Kipushi, ambaye hajui jina la bibi wala inchi yake, na anafikiri amepata bahati.

Hata masoko yaliyokuwa na jina kubwa hayakuwa kinga. Paxful lilijulikana sana katika Afrika kama pahali pa kubadilisha kadi za zawadi kwa bitcoin. Mwezi wa saba 2024 mmoja wa waanzilishi wake alikubali hatia mbele ya baraza la Marekani kwamba hawakuweka ulinzi wa kweli wa kuzuia feza chafu kupita humo.

KAMPUNI INAWEZA KUFUNGA MLANGO

Wako wanaosema: "Mimi ninaweka stoki. Bei ikipanda nitauzisha." Wakumbuke jambo la mwaka 2019. Kampuni ya Valve, yenye Steam, ilikuwa na funguo za kufungua sanduku katika mchezo wa Counter-Strike. Watu walizinunua na kuzibadilishana kama feza. Mwezi wa kumi 2019 Valve ilitangaza kwamba wezi wa dunia nzima walikuwa wakizitumia kusafisha feza zao, na kwamba karibu funguo zote zilizokuwa zikibadilishwa zilitoka katika udanganyifu. Tangu siku ile, funguo mpya hazikuweza tena kuuzishwa wala kupewa mtu mwingine. Biashara iliyolisha watu ilisimama kwa tangazo la siku moja, na hakuna ofisi ya kwenda kulia.

Tena kode iko na inchi yake. Kadi ya PlayStation ya Marekani haiingii katika konti ya Ufaransa. Kadi ya Google Play inatumika katika inchi iliyoitoa. Mtu akiandika katika konti kwamba anaishi Ufaransa, kumbe yuko Kolwezi, amevunja mapatano aliyokubali. Siku kampuni ikifunga konti hiyo, hana neno la kujitetea.

SHERIA YA KWETU INASEMA NINI?

Kijana atauliza: "Mimi sikuiba. Kosa langu ni gani?" Tumwulize pia. Mtu akikuletea usiku waya wa shaba uliokatwa kwenye nguzo za umeme, kwa nusu ya bei, na wewe ukaununua, polisi wakija watamkamata nani? Kila mtu wa Katanga anajua jibu. Mnunuzi anafuata mwivi katika buloko. Sheria ya azabu ya Kongo inamwazibu mtu anayepokea na kuficha mali iliyopatikana kwa kosa la mwingine, hata kama mkono wake haukuiba. Na tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inchi yetu ilipata tena sheria ya mambo ya intaneti, Code du numérique, yenye azabu kwa makosa yanayofanywa kwa ordinatere na telefone. Juji atauliza: ulijua? Na ile bei ya nusu itasema mbele yako.

Kuna mtego mwingine wenye kugusa nyumba nzima. Mtu asiyejulikana anamwambia kijana: "Yaya, unikopeshe paka namba yako ya Airtel Money. Watu watatuma feza, utabakisha kidogo, zingine utanitumia." Mara nyingi kadi ya telefone iliandikwa kwa jina la mama ao la papa. Siku ya uchunguzi, jina litakaloonekana ni la mzazi, mtu asiyejua hata maana ya neno Steam.

KAMA UNATAKA KUFANYA KAZI HII KWA HAKI

1. Nunua kwa kampuni yenyewe ao kwa muuzishaji ambaye kampuni inamtambua. Faida itakuwa ndogo. Faida ndogo ya hakika inapita faida kubwa ya usiku mmoja.

2. Weka karatasi ya malipo ya kila kode. Kode ikikataa, kampuni itaomba karatasi hiyo mbele ya yote. Anayenunua katika kundi la WhatsApp hana karatasi.

3. Bei ikishuka sana, uliza sababu. Mtu mwenye kode ya dolari 50 aliyoilipa kweli anaweza kupunguza dolari mbili ao tatu akiwa na haja. Lakini kupoteza 25 kwa furaha? Anaweza kufanya hivyo kwa sababu yeye hakupoteza kitu.

4. Usiandike kode katika kurasa za intaneti zinazosema zitapima kama inaishi. Ziko kurasa za uongo zinazopokea kode yako na kuila. Tumia paka ukurasa wa kampuni yenyewe.

5. Usitoe kode kwa sababu mnunuzi amekuonyesha picha ya malipo ao ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe unaweza kutengenezwa. Fungua konti yako mwenyewe, uone kama feza imeingia.

6. Andika kitabu: siku, kode, nani aliyekuuzishia, nani aliyenunua. Mbele ya kuuzisha, mwambie mnunuzi wazi nani atabeba hasara kode ikifa.

7. Usikopeshe mtu namba yako wala konti yako. Na usifanye biashara hii kwa feza ya wengine: feza ya masomo, ya likelemba ya mama, ao ya kundi la vijana wa kanisa. Kode ikifa, utapoteza feza na heshima siku moja.

NENO KWA WAZAZI

Papa, mama, usianze kwa kunyang'anya telefone. Kijana anayetafuta feza kwa njia hii mara nyingi anaona nyumbani hakuna mingi, na anataka kusaidia. Kaa naye. Mwambie akuonyeshe namna inavyofanyika, hatua kwa hatua. Kama hawezi kusema kode zake zinatoka kwa nani, hapo ndipo pa kusimama.

Na wewe mwenyewe ujilinde. Hakuna polisi, hakuna ofisi ya kodi, hakuna kampuni ya mine inayomwomba mtu alipe faini ao kazi kwa kadi ya zawadi. Anayekuomba kode badala ya feza ni mdanganyifu, hata akijua jina lako lote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Kode ya mwisho uliyouzisha ilitoka kwa nani? Unaweza kumpata kesho mtu huyo, akiwa na jina na mlango? Kode ikifa leo, unazo dolari za kumrudishia jirani yako? Na kama yule bibi mzee aliyedanganywa angekuwa nyanya yako mwenyewe, bado ungeinunua kode yake kwa nusu ya bei?